Chumba Kilichogoma Kubadilika

Filamu ile ilitengenezwa iwatie hofu watazamaji. Wa kwanza kutetemeka akawa Fundi, mpambaji wa chumba cha kuigizia, mtu mzima mwenye wajukuu wanne na futi ya kupimia isiyomtoka kiunoni.

Kisa chenyewe ni cha bwana aliyepoteza kumbukumbu, kisha akagundua kwamba akilala anarudi miaka ya nyuma na kuyageuza yaliyopita. Kila akiamka, kitu kimoja chumbani mwake kimebadilika. Hapo ndipo kazi ya Fundi ilipoingia. Kila alasiri, watu wakishaondoka, abadilishe kitu kimoja kwa ajili ya kesho.

"Hii ni siri yetu wawili," Mwongozaji alimwambia. Alikuwa mama anayezilinda hadithi zake kuliko mkoba wake. "Hatuandiki popote."

Siku ya kwanza Fundi akatoa kikombe chekundu, akaweka cha bluu. Kesho yake alasiri akakuta chekundu. Akakuna kichwa. Si alikibadilisha? Akahamishia saa ukuta wa pili, na saa nayo akaikuta imerudi kwake, imetulia utadhani haijaguswa tangu nyumba ijengwe. Baba yake alianza hivi hivi, kwa kupoteza funguo, akaishia kuwaamkia wanawe mwenyewe akidhani ni wageni.

Basi akaficha. Mwongozaji akiuliza "Tayari?" anajibu "Tayari". Mwongozaji naye macho yote yalikuwa kwenye uso wa mwigizaji. Ungemlaza mbuzi kitandani asingemwona. Nyumbani Fundi akawa anatafuna karanga kutwa, eti jirani kasema zinasaidia ubongo, na akiingia kuoga anataja majina ya wajukuu mmoja mmoja.

"Mume wangu," mkewe akauliza mlangoni, "huko bafuni umealika watu?"

Asubuhi ya siku ya kumi na moja uvumilivu ulimwisha, akawahi kabla ya wenzake. Chumbani akamkuta Dada Jicho, ambaye kazi yake ni kuhakikisha vitu vya leo vinafanana na vya jana, watazamaji wasije wakaona kasoro. Karatasi alizopewa zilisema tu "bwana anaamka, anashtuka". Alikuwa na picha za siku ya kwanza mkono mmoja, pazia la kijani mkono wa pili, na anasonya.

"Shikamoo, Fundi. Humu kuna mtu hana adabu. Kila siku anavuruga chumba, kila asubuhi nakirudisha."

Fundi akaketi kitandani. "Kila siku?"

"Tangu kikombe. Nikimkamata atanitambua."

"Nikamate," Fundi akasema. "Ni mimi." Kisha akacheka. Alicheka mpaka akajilaza, miguu inarusharusha shuka, na Mwongozaji alipoingia akamkuta bado anacheka.

Dada Jicho akaeleza. Mwongozaji akashika kiuno. Siku tisa za kazi, bwana wa watu anaamka na kushtushwa na kikombe kilekile.

"Filamu yangu imeharibika, na wewe unacheka?"

"Nisamehe, mama. Nilikibadilisha. Unanielewa? Nilikibadilisha kweli."

"Mimi mngeniambia," Dada Jicho akasema, akilikunja lile pazia.

Mwongozaji akavuta kiti, akakaa kizito. "Turudie, sawa. Ila hatukuandika. Nani anakumbuka kilibadilishwa nini, siku gani?"

Fundi akasimama, akafuta machozi kwa kiganja. Kikombe, akasema. Saa. Mto. Kitasa cha mlango. Picha ya harusi. Balbu, zulia, viatu, kioo, na jana pazia. Vitu kumi, kimoja baada ya kingine, bila kusita hata mara moja. Dada Jicho aliviandika vyote, akafunga daftari lake, lakini Fundi alikuwa bado amesimama palepale. Akaomba ruhusa arudie, safari hii kuanzia mwisho kwenda mwanzo.