Saa Zilizohitaji Shahidi

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, mwezi Juni, gari la Daktari Lowell Stuessy lilikuwa linanguruma uani kwake, taa zikiwaka, na yeye mwenyewe amekaa kiti cha abiria, mkanda ameshafunga.

"Endesha wewe, binti," alimwambia Britta Kjelland. "Macho yangu hayajaamka."

Tangu Aprili macho yake yalikuwa hayajaamka. Britta akashika usukani.

Alikuwa anaomba nafasi katika shule ya udaktari wa mifugo, na shule hiyo iligawa saa za uzoefu za mwombaji katika mafungu mawili. Kulisha, kukamua na kusafisha zizi zilikuwa saa za wanyama, na hizo mtoto wa wafugaji wa Wisconsin anazo za kumwaga. Saa za udaktari zilikuwa zile tu alizokaa kando ya daktari akitibu, na lazima daktari huyo azithibitishe mwenyewe. Ng'ombe wa wilaya nzima walikuwa na daktari mmoja. Kwa hiyo Britta alipoona kwamba Stuessy anauliza mara tatu njiani wanaenda shamba gani, hakumwambia mtu.

Kila walipotoka kwa mgonjwa, Stuessy alimtaka aeleze alichokiona kabla hajakiandika. "Usichokiona usikiandike," alikuwa akisema, "hata mimi nikikuambia." Mwaka uliotangulia alimfutisha nusu saa waliyokaa jikoni kwa Verlyn Goss wakila pai ya tufaha. Pai si mgonjwa, alisema.

Asubuhi hiyo walikuwa wanakwenda kwa Goss huyohuyo. Aliwapokea mlangoni mwa zizi.

"Mwindaji wa saa kafika," alisema. "Ng'ombe wangu wakipona upesi, huyu binti ananuna."

"Wakipona upesi nakunywa kahawa yako, mzee."

"Leo hunywi. Huyu hajasimama tangu azae jana jioni."

Ng'ombe alikuwa amelala kifudifudi, shingo ameikunja ubavuni, masikio ya baridi. Ilikuwa homa ya maziwa. Kalsiamu ilikuwa imemwishia mwilini. Stuessy alipata mshipa wa shingo kwa sindano moja, akaning'iniza chupa ya kalsiamu, akaiacha ishuke polepole huku akisikiliza moyo. Mikono yake haikukosea kitu. Chupa ilipokwisha, ng'ombe alicheua na kutikisa masikio. Goss akacheka, akaenda kutazama mashine za kukamulia.

Stuessy aliiweka chupa tupu kwenye majani. Akaitazama sindano iliyokuwa bado shingoni. Kisha akatoa chupa nyingine sandukuni.

"Daktari, kalsiamu tumeshampa."

"Saa ngapi?"

"Sasa hivi. Chupa ile pale."

Akaitazama. "Hiyo ya jana. Nilianza kuinua ng'ombe kabla mama yako hajazaliwa, binti."

Mpira wa kupitishia dawa ulikuwa mkononi mwa Britta, na alijua kalsiamu ikizidi husimamisha moyo. Angeweza kuubana. Lakini mwombaji hazuii mkono wa daktari. Anatazama, anajifunza, anaandika, na ndivyo saa zake zinavyohesabika. Aliuachia. Dawa ilishuka kwa kasi zaidi kuliko mara ya kwanza. Kabla chupa haijafika nusu, ng'ombe alinyoosha miguu yote minne, na moyo ukasimama.

Goss alirudi, akamwinamia ng'ombe wake.

"Nimemwacha anatikisa masikio," alisema. "Kumetokea nini, Lowell?"

"Moyo. Ng'ombe mzee, moyo unachoka."

"Ana miaka minne huyu." Goss akamgeukia Britta. "Wewe ulikuwepo. Umeona nini?"

Stuessy naye alimtazama, vilevile kama alivyomtazama kila walipomaliza kazi, akingoja maelezo.

"Amepewa chupa mbili," Britta alisema. "Ya pili hakuihitaji. Nilijua, na sikuizuia."

Stuessy aliinama juu ya majani. Akaigusa chupa tupu kwa kidole, kisha ile nyingine.

"Mbili," alisema. Akafunga sanduku lake. "Nirudishe nyumbani."

Wiki hiyohiyo alirudisha leseni yake ya udaktari. Julai alipata kiharusi kidogo. Mwishoni mwa Agosti Britta aliingiza saa zake zote kwenye mtandao wa maombi, pamoja na za asubuhi ile, akaeleza alichokiona. Bila saa za Stuessy, upande wa udaktari ulikuwa karibu mtupu. Ombi la uthibitisho lilitumwa kwa Stuessy, lakini jibu halikuja. Siku ya mwisho ya kupokea maombi, Britta alichukua kompyuta yake akaenda.

Marlys, mke wa daktari, alimfungulia. "Ana siku nzuri na siku mbaya," alinong'ona. "Leo ni katikati."

Stuessy alikuwa mezani jikoni. Alivaa miwani akasoma kila mstari, hata wa ng'ombe wa Goss. Kwenye mmoja alitikisa kichwa akikubali. "Tumbo la nne la ng'ombe limehamia kushoto, likashonwa mahali pake. Sahihi kabisa. Aliyeandika haya ana macho." Akarudi juu ya ukurasa. "Kjelland. Ndiye nani?"

"Si ndiye huyu hapa, Lowell," alisema Marlys. "Britta. Alikuwa anakuendesha. Bonyeza tu ndiyo, mpenzi wangu."

Stuessy alimtazama Britta kwa adabu, kama mgeni.

"Ni kweli, Daktari," Britta alisema. "Nilikuwa na wewe."

"Sina sababu ya kukuita mwongo, binti. Lakini hapa wananiuliza nilichokiona mimi."

Marlys alinyoosha mkono kwenye kompyuta. "Basi nambonyezea mimi. Nani atajua?"

Britta akaushika mkono wake. "Hapana, Bi Marlys. Lazima awe yeye."

Stuessy alisoma maneno ya vitufe viwili, kimoja baada ya kingine. Alibonyeza *Siwezi kuthibitisha*, akaifunga kompyuta taratibu, akamrudishia.