Mdomo wa Kuazima

Katika picha zote arobaini na moja alizoacha Bibi, mdomo wake ulikuwa wazi. Mjukuu wake, Mchelewa, alizipanga juu ya meza ya studio kama mtu anayepanga karata, akazipitia mara mbili, na mara zote mbili hakuona midomo imekutana. Kwenye picha ya harusi, Bibi yuko nyuma ya bibi harusi, anamwelekeza dereva jinsi ya kurudisha gari nyuma. Kwenye mahafali, amemshika mkuu wa chuo kola, anaitengeneza huku anamweleza jambo. Hata kwenye picha ya kitambulisho, ambayo ofisi iliirudisha mara tatu, ungeapa kwamba anamwambia karani anyooshe mgongo.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Bibi hakuona sababu ya kungoja. Yeye alianza na mshindo.

Sasa ulikuwa unatimia mwaka tangu aondoke, na Jumamosi ukoo ungekutana nyumbani kwake kumkumbuka. Shangazi, binti mkubwa wa Bibi na mwalimu mkuu mstaafu, alitaka picha kubwa ya kutundika sebuleni. Alikuja studio mwenyewe, mkoba kwapani, akasimama mbele ya meza kama anayekagua madaftari.

"Nataka mama aliyetulia," alisema. "Mdomo umefungwa."

"Shangazi, picha hiyo haipo."

"Wewe si fundi? Hiyo diploma ulisomea nini, kufuta vumbi kwenye kamera?"

"Mimi fundi wa picha, Shangazi. Si mganga."

"Basi fanya uganga. Jumamosi, saa nne asubuhi. Na usichelewe, maana jina lako tunalijua."

Jina hilo Mchelewa alipewa na Bibi, kwa sababu alizaliwa wiki mbili baada ya siku aliyotarajiwa. "Nilipeleka chupa ya chai hospitali mara kumi na nne," Bibi alikuwa akisimulia, "na mara kumi na nne nikairudisha na chai yake," kana kwamba mtoto alifanya kusudi. Sasa Mchelewa naye alikuwa na mimba ya miezi saba, na hapo ndipo agizo la Shangazi lilipomchoma. Mtoto huyu angemjua Bibi kwa picha ya ukutani tu. Angekua akiamini kwamba yeye ni kitukuu cha mwanamke mpole, mnyamavu, aliyetazama mbele kama stempu.

Alimlalamikia mwenye studio, mzee ambaye wateja walimwita Tabasamu kwa kuwa hawakuwahi kumwona nalo.

"Mwenye mama yake ametaka mdomo ufungwe," mzee alisema bila kuinua macho. "Funga. Sisi tunapiga picha, hatupigi kura."

Mchelewa akachagua picha aliyoipenda kuliko zote, ambayo aliipiga mwenyewe siku Bibi alipohamia nyumba mpya. Bibi amesimama mlangoni, gauni la kijani, kilemba kimepinda, kidole kimenyooka kuelekea pembeni, na mdomo uko wazi kama mlango wenyewe. Kidole hakikumsumbua, alikikata mara moja. Kazi ilikuwa mdomo. Ili kuufunga kwenye kompyuta alihitaji mdomo mwingine uliofungwa, na katika ukoo ule kitu hicho kilikuwa adimu kuliko meno ya kuku. Alipekua albamu mpaka macho yakamuwasha. Akaupata mmoja tu, wa Baba Mdogo, mdogo wake Shangazi, mtu ambaye kwa miaka hamsini hakuwahi kupata nafasi ya kumaliza sentensi mbele ya mama yake na dada yake.

Akamnyoa masharubu. Akaupunguza mdomo kidogo, akaupaka rangi, akaubandika mahali pake, akalainisha kingo. Ukakaa vizuri mno. Mchelewa aliitazama kazi yake akahisi kama amemziba mtu pumzi.

Kabla ya kufunga fremu, akachapisha na ile picha halisi, kubwa vilevile, kidole na vyote, akaificha nyuma ya ile nyingine.

"Hiyo ya nini?" aliuliza Tabasamu.

"Inazuia unyevu."

Jumamosi sebule ya Bibi ilijaa hadi kwenye kingo za madirisha. Baba Mdogo alikuwa ameegemea kochi, mguu mmoja juu ya meza ndogo. Kwenye kiti cha mbele alikaa Bibi Mdogo, mdogo wa marehemu wa kuzaliwa naye, miwani kifuani. Shangazi alisema maneno machache, yaani ya robo saa, kisha akaivuta shuka iliyofunika picha.

Shingo zote zikanyooka.

Bibi Mdogo alivaa miwani. Akaivua, akaipangusa kwa upindo wa gauni, akaivaa tena.

"Poleni sana," alisema. "Huyu marehemu ni wa nyumba ipi?"

"Mama Mdogo!" Shangazi alishtuka. "Si mama huyu!"

"Ndivyo ninavyosema na mimi. Si mama huyu. Dada yangu hakuwahi kuninyamazia hivi hata akiwa usingizini." Akainuka, akaisogelea picha mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Kisha akageuka taratibu, akamtazama Baba Mdogo. Akarudi kwenye picha. Akamtazama tena Baba Mdogo. "Mwanangu, wewe kilemba ulianza kuvaa lini?"

Sebule ikalipuka. Mtu mmoja aliyekuwa dirishani aliangukia nje, na huko nje akaendelea kucheka. Baba Mdogo alijishika mdomo kama mtu aliyeibiwa sokoni.

"Mchelewa! Huo si..."

"Ni wako, Baba Mdogo. Nimeuazima tu."

"Si ungeniomba!"

"Ningekuomba, ungejibu?"

Mwenye kushika mbavu alishika, mwenye kufuta machozi alifuta. Shangazi peke yake hakucheka. Aliketi kwenye mkono wa kochi, shuka bado mkononi, na vicheko vikafifia kimoja kimoja walipomwona.

"Chekeni," alisema. "Nyinyi mkiuona ule mdomo wazi mnacheka. Mimi nikiuona nangoja sauti. Mwaka mzima nangoja, na sauti haiji. Ndiyo maana nikasema bora ufungwe, nijue moja."

Mchelewa alishuka magotini, kwa kadiri tumbo lilivyomruhusu, akaigeuza fremu, akafungua vibanio vya nyuma.

"Nisamehe, Shangazi," alisema. "Nilikuja naye."

Akaitoa picha halisi, akaitanguliza mbele ya ile ya uongo, akasimamisha fremu juu ya meza. Bibi akawatokea na kilemba chake kilichopinda.

Baba Mdogo aliteremsha mguu mezani upesi. "Hapo alikuwa ananiambia mimi," alisema. "Nitoe mguu."

"Wewe nani?" alisema Bibi Mdogo. "Hapo ananikataza mimi kuongeza sukari. Sukari yangu mwenyewe, kwenye kikombe changu mwenyewe!"

"Jamani, mwenye kamera nilikuwa mimi," alisema Mchelewa. "Alikuwa ananiambia nisogee, nimemkingia jua kama mlingoti."

"Kidole kingekuelekea wewe, mwenye kamera," alisema Baba Mdogo. "Mbona kimeenda kando?"

"Kimefuata sukari, hicho!"

"Nyote waongo," alisema Shangazi.

Alikuwa ameinuka. Alikuwa anakitazama kile kidole, na zaidi ya kidole, pale picha ilipoishia.

"Kidole hicho ni changu. Siku ile kisigino cha kiatu changu kilikatika, pale pale kwenye ngazi. Mwalimu mkuu mzima, wageni wamejaa, kiatu kimoja mkononi! Nikajibanza kando ya mlango, nikasema wapige picha yao, mimi hawataniona. Mama akaniona." Kisha, bila yeye mwenyewe kujua, akakinyoosha kidole, na sauti yake ikapanda na kukwaruza mwishoni: "'Wee! Toka huko uingie kwenye picha! Kamera inapiga uso, haipigi kisigino! Mimi nilikuzaa pekupeku, nani alilalamika?'"

Sebule nzima ilimsikia Bibi. Bibi Mdogo aliitika "Abee, dada!" kabla hajajizuia.

Shangazi naye alikuwa amesikia. Alijiziba mdomo kwa viganja vyote viwili, mabega yakitikisika, na walio karibu hawakujua wamshike au wamwache. Alipoondoa mikono alikuwa analia na kucheka kwa pamoja.

"Na uliingia?" Mchelewa aliuliza.

"Sikuingia. Nilikuwa na kichwa kigumu." Akajipangusa uso kwa ile shuka, akaitupa kochini, na mwalimu mkuu akarudi kazini. "Mnashangaa nini? Msumari uko wapi? Itundikwe!"

Baba Mdogo alipanda kwenye kiti na nyundo yake. Akapiga msumari, akatundika fremu, akaisogeza.

"Kushoto," alisema Shangazi. "Nimesema kushoto. Hiyo kwako ndiyo kushoto? Ulisoma shule gani wewe?"

"Shule yako," alisema Baba Mdogo, na hiyo ikawa mara yake ya kwanza kumjibu dada yake na kumaliza.

Shangazi aliusogelea ukuta ili akaelekeze vizuri. Akasimama upande ule ule ambao kidole cha Bibi kilielekea, hatua moja tu kutoka kwenye fremu, kilemba chake kimeshaanza kupinda kwa sababu ya kile kilio, kidole juu, mdomo wazi. Mchelewa alifungua begi polepole, akatoa kamera. Maji hufuata mkondo.

"Shangazi, hapo hapo."

"Wee mtoto, usinipige! Ngoja kwanza nimalize kuse—"

Ikawa ya arobaini na mbili.