Jiwe la Hulda

Tarehe 6 Mei 1987, huko Vermont, Marekani, mjane Hulda Perley alikuta barafu ya majira ya baridi iliyoganda udongoni imesukuma juu jiwe la ratili mia nne shambani mwake.

“Ngojea wanaume waje Jumamosi, bibi. Mgongo huo si chuma!” jirani yake Delmar alimtania, akaenda zake.

Lakini Hulda hakutaka kungoja: wanawe walitaka kumhamishia mjini, wakidai hajiwezi.

Alichomeka ncha ya mtaimbo chini ya jiwe, akaweka gogo la egemeo chini ya katikati ya mtaimbo, akakandamiza; jiwe halikutikisika. Akalisogeza gogo hadi inchi nane kutoka kwenye jiwe, akabakiwa na inchi sitini na nne za mtaimbo upande wake. Gawanya kwa nane: nguvu yake ingezidishwa mara nane. Ratili hamsini zingetosha! Akakandamiza tena, jiwe likabingirika.

“Umeona, Orrin?” alimwambia marehemu mumewe, kana kwamba amesimama kando yake. 

Sasa wanawe wasingekuwa na sababu; angebaki shambani, peke yake.

Msomaji, mfikishie hesabu hii aishiye peke yake.