Kichwa cha Jarrod

Watu wa Pendarra wanampenda sana mume wangu, na upendo wao umenichosha. Walimpenda alipokuwa beki wa timu kule Adelaide, katika mpira wetu huu wa kudaka kwa mikono na kupiga kwa miguu, akijitupa kichwa mbele kwenye kila mpira, akizimia, akimwagiwa maji na kurudi uwanjani huku jukwaa zima likimwimbia. Goti lake lilipokwisha walimleta nyumbani awe kocha wao, wakampenda zaidi. Lakini anayeishi naye ni mimi. Ni mimi ninayemkuta gereji asubuhi, ufunguo mkononi, hajui alikuwa anakwenda wapi.

Nilimweleza Noel Schirmer, mwenyekiti wa klabu, mwanzoni mwa msimu. Alicheka.

"Shemeji, hata mimi nasahau miwani. Kel anazeeka tu."

Kel ana miaka hamsini na moja.

Fainali tulicheza na Tolderow, kwenye uwanja wao. Robo ya tatu kati ya nne ikielekea kwisha, kijana wetu mrefu, Jarrod Pfitzner, aliruka kudaka mpira akakutana na goti la mtu utosini. Alianguka kama gunia. Glenys, anayehudumia majeruhi wetu, alimwuliza tunacheza na nani. Jarrod akajibu, "Jumamosi." Glenys akamwekea barafu, akamwambia, "Mechi yako imekwisha, baba."

Huku kwetu, kabla ya robo ya mwisho hakuna anayebaki nje ya uzio. Wazee, akina mama, watoto, mbwa, wote tunaingia uwanjani kumzunguka kocha na kusikia anavyowachemsha vijana. Nami niliacha kantini, tuliyokuwa tukihudumu kwa zamu na wenyeji, nikaingia, aproni imejaa mafuta ya pai. Tulikuwa nyuma kwa goli moja, yaani pointi sita.

Noel alikuwa amemwinamia Kel, akimnong'oneza sikioni. Kel akanyanyua uso.

"Jarrod, toa hiyo barafu. Unarudi."

"Kel, huyu haruhusiwi," Glenys alisema.

"Wewe kanda misuli, Glenys," Noel akamkata. "Kocha ameshasema. Na kijana ni ngangari, au siyo, Jarrod?"

Jarrod alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Angeambiwa apande juu ya ghala la ngano aruke, angeruka. Hasira zilinipanda mpaka nikahisi masikio yanawaka. Walimfanyia Kel hivi hivi, wakasema ndio ushujaa.

"Kel," nikasema kwa sauti. "Tunacheza na nani leo?"

"Shemeji, rudi kwenye pai zako," Noel alisema.

"Sikukuuliza wewe. Kel, mume wangu, tuko uwanja gani hapa?"

Kel aliangalia milingoti ya goli, akaangalia jezi za wale wa upande wa pili. Nilimwona anatafuta. Kisha akataja timu ya Adelaide iliyovunjwa kabla Jarrod hajazaliwa.

Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja nyuma yangu alisema nimemdhalilisha. Ndiyo, nilimdhalilisha mume wangu mbele ya mji mzima, maana nilipolalamika pembeni walinipuuza.

Noel hakuona haya hata kidogo. "Basi timu naichukua mimi. Jarrod, ingia, bwana."

Kijana akaanza kuinuka. Kel alikuwa bado ananitazama, rangi imemtoka, amekwisha kuelewa nilichomwuliza na kwa nini. Akageuka, akamshika Jarrod bega, akamkalisha kwenye nyasi.

"Huyu haingii."

"Kel, ndugu yangu, hii ni fainali."

"Nimesema haingii. Unataka kichwa, peleka chako."

Akasimama mbele ya Jarrod mpaka king'ora cha kuanza robo ya mwisho kikalia na wengine wakaenda kucheza.

Tulifungwa kwa pointi nne. Mpaka leo wapo wasionisalimia dukani. Wasinisalimie.