Msumeno wa Mara Moja Moja

Karani alikuwa na jambo moja tu la kuthibitisha kabla mama mkwe, aliyekuja kuwatembelea, hajafunga safari: kwamba naye ni mwanamume wa kazi. Mti ulikuwa umeanguka nyuma ya jikoni, kuni zimekwisha, na mama mkwe alikuwa ameitazama mikono yake laini ya ofisini akaguna. Mguno ule ulimkaa rohoni.

Basi akaanza utafiti. Wiki nzima alishinda na simu, akilinganisha misumeno ya mnyororo: wa petroli una makelele, wa umeme unataka waya mrefu, wa betri ni mwepesi lakini bei yake haishikiki. Shoka akampa jirani, tena kwa mbwembwe.

"Chukua moja kwa moja, ndugu yangu. Sisi huko tumeshatoka."

Mkewe alishamzoea.

Baada ya elimu yote hiyo, akaenda dukani akaomba ule wa petroli wa bei ya chini kuliko yote.

"Nataka wa kukatia kuni za nyumbani," alimwambia muuza vifaa. "Mara moja moja tu."

"Mara moja?"

"Moja moja. Mimi si mpasua mbao."

"Basi huu utakutosha kabisa," akasema muuzaji.

Jumamosi Karani alivaa glavu, miwani na helmeti ya pikipiki, akawaketisha mke na mama mkwe mbali, kwa usalama wao. Msumeno ukanguruma. Kipande cha kwanza kikadondoka, safi, kimenyooka. Karani akageuka apokee sifa zake, na nyuma yake msumeno ukakohoa, ukafuka moshi, ukanyamaza. Alivuta kamba mpaka bega likamlegea.

"Unapumzika," akawaambia.

Akaurudisha msumeno dukani amefura. Muuzaji alimsikiliza mpaka mwisho.

"Lakini ulikata?"

"Nilikata mara moja!"

"Si ndivyo tulivyoelewana, mzee?"

Alipokaribia nyumbani alisikia mapigo ya shoka. Mama mkwe alikuwa ameliazima kwa jirani, na rundo la kuni lilishamfika kiunoni. Karani aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Safari hii mama mkwe hakuguna. Alifuta jasho, akamnyooshea mpini.

"Shika, baba. Malizia mara moja, mwenyewe anataka shoka lake."