Mtama kwa Kimo cha Muuzaji

Jumatatu moja ya mwaka wa tisini na nne, katika zahanati ndogo karibu na Rangwe, muuguzi Risper aliuvalisha mtama suruali ya kupimia watoto na kuuning'iniza kwenye mizani. Mshale ulipotulia kwenye kilo mbili, akaumwaga ndani ya gorogoro la zahanati, mkebe ule wa kupimia nafaka sokoni, ukalijaza hadi ukingoni. Njugu nazo zilivaa suruali, zikawa nyepesi kidogo. Gorogoro zima la omena, dagaa wa ziwani, halikufika hata kilo. Risper aliyaandika yote kwenye karatasi ya manila, yawe vipimo vya uji wa watoto kwa gorogoro, kwa kuwa akina mama walikuwa na mikebe nyumbani na hakuna aliyekuwa na mizani.

Emmaculate, mmoja wa akina mama hao, aliifuata karatasi ile kama katekisimu. Alimpikia uji bintiye Akoth mwezi mzima, na mwezi ulipokwisha Akoth alikuwa na kilo saba, zilezile alizokuja nazo.

"Daktari, karatasi yako haina makosa," Emmaculate alisema kwa upole. "Mtoto ndiye hajaisoma."

Risper hakuwa daktari, lakini mikebe ya sokoni hakuwahi kuipima. Alhamisi akaenda sokoni.

Wauza nafaka walikuwa wakielea hewani, kama ilivyokuwa tangu kiangazi, kila mmoja kwa kadiri alivyokigonga kitako cha gorogoro lake kikaingia ndani ili lipime pungufu. Truphena, aliyegonga kidogo, alikuwa usawa wa kifundo cha mguu. Nyayo za Priscah zilifika kiunoni mwa Risper. Priscah alikuwa amejifunga kwa kamba ya katani kwenye mguu wa meza yake, kwa ajili ya upepo.

Risper alimwomba kwa heshima zote akinyooshe kitako kile. Kuna watoto, alimweleza.

"Nikinyoosha nitashuka, nyar Karungu," Priscah alimjibu, akimwita binti wa kwao Karungu, huku akimpimia mteja. "Na nikishuka, nani ataniona nyuma ya Truphena?"

"Basi mkaguzi wa vipimo aje."

"Si yule pale juu?" Priscah alisema.

Mkaguzi Mayaka alikuwa usawa wa paa la soko, akiipiga muhuri mikebe aliyopandishiwa kwa kamba. Alimpungia Risper mkono.

Risper alirudi zahanati, akachukua rula na kuchora safu mpya kwenye karatasi. Muuzaji akiwa kwenye kifundo, ongeza kiganja kimoja. Akiwa kwenye goti, vinne. Akiwa kwenye kiuno, ongeza nusu gorogoro.

"Hiyo nusu inatoka wapi?" Emmaculate aliuliza.

"Kwa Priscah," Risper alisema, akainamisha macho.

Emmaculate aliuza kuku wake wa mwisho ili ainunue. Mwezi uliofuata Akoth alivalishwa suruali, akaning'inia akipiga mateke, na mshale ukaonyesha saba na nusu. Akina mama walipiga makofi. Risper alifuta machozi kwa ncha ya koti lake jeupe, kisha akachukua rula tena. Priscah, alipoona watu wananunua gorogoro moja na nusu, alikuwa amekigonga kitako mara ya pili, na sasa nyayo zake zilikuwa usawa wa mabega.