Kitambaa Chekundu cha Fundi Pampu

Fundi Pampu alikuwa na sheria moja kazini, na ole wake aliyeivunja: pampu ikiwa na kasoro, mwenyewe anaambiwa kwanza. Kabla ya kugusa hata nati moja alifunga kitambaa chekundu kwenye swichi, akamwita mwenye mashine aje aone, na kitambaa hakikufunguliwa mpaka kazi iishe. "Kumficha mtu ubovu wa mali yake ni wizi," alizoea kusema. Shemeji yake, kaka wa mkewe, aliyefanya naye kazi miaka kumi na tisa, kila mara aliitikia, "Kabisa, shemeji." Kabisa! Haya, sikiliza sasa.

Mwaka jana Fundi alianguka kwenye ngazi za jengo moja, akazindukia hospitali siku ya tatu. Mkewe, Mama Pacha, akamwambia ni presha na uchovu tu, akawa anampa vidonge. Tangu hapo kazi nzito zikawa zinampita pembeni. Visima virefu, shemeji. Matangi ya ghorofani, shemeji. Yeye anaachiwa kubadilisha mipira ya bomba kama mwanagenzi! Akaamini kwamba shemeji anamnyang'anya wateja, lakini akafa kikondoo kwa ajili ya amani ya nyumba.

Juzi asubuhi, akiwa peke yake karakana, aliinua mota ndogo tu, pumzi ikamkata. Akaketi juu ya ndoo. Karibu yake kulikuwa na kile kipande cha mpira anachosikilizia pampu, ncha moja kwenye mashine, nyingine sikioni. Sijui nini kilimtuma, akakibandika kifuani. Moyo mzima husema du-du, ukanyamaza, du-du, milango yake ikijifunga kwa zamu. Wake ulisema du, halafu shwaaa. Fundi hakuhitaji kusomeshwa. Miaka thelathini anaijua sauti hiyo: vali haifungi, maji yanarudi yalikotoka.

Akaenda hospitali bila kumuaga mtu. Karani alipoandika jina lake, akaingia ndani, akatoka na faili nene.

"Lako hili hapa, mzee."

"Langu lipi? Mimi nimekuja leo!"

Daktari, mwanamke kijana aliyekuwa mgeni pale, alimlaza, akampaka majimaji ya baridi kifuani, akamwonyesha moyo wake kwenye kioo, ukifumba na kufumbua kama ngumi.

"Chumba hiki cha chini kushoto ndicho kinachosukuma damu mwili mzima," alisema. "Kikijikaza, mlango huu wa juu yake unatakiwa ufunge. Wako haufungi. Damu nyingine inarudi kuelekea mapafuni, kwa hiyo moyo unasukuma mara mbili. Umetanuka, umechoka."

"Tangu lini?"

Daktari akamtazama. "Si uliambiwa? Mwaka jana ilikuwa ni kurekebisha mlango tu, moyo ukiwa bado na nguvu. Humu imeandikwa ulikuwa hujitambui, familia ikakataa operesheni. Wakasema ukipata nafuu watakueleza wenyewe." Akafunua ukurasa. Sahihi ya Mama Pacha. Chini yake, shahidi: ule mwandiko wa kulalia kushoto anaouona kila siku kwenye lebo za mota.

"Na sasa?"

"Bado inawezekana, mzee. Ila hatari imeongezeka sana. Siwezi kukuahidi."

Jamani, iliuma. Ugonjwa hakuulalamikia, mashine huchakaa. Iliyomuuma ni ile "kabisa, shemeji" ya kila siku.

Alipofika nyumbani Mama Pacha alikuwa anakunja nguo, kaka yake anakunywa chai. Fundi akasimama mlangoni. Kwenye kifungo cha mfuko wa shati, upande wa kushoto, alikuwa amefunga kitambaa chekundu. Shemeji alikiona, akaweka kikombe chini.

"Nani kakwambia?" Mama Pacha aliuliza.

"Faili."

"Baba Pacha, tuliogopa. Kaka yako aliingia chumba cha operesheni asitoke. Habari ile ingekuua."

"Ingeniua mimi, au iliwatisha ninyi?"

Shemeji akainuka. "Shemeji, kazi zote nzito nilikubebea. Wallahi sikuwa na nia mbaya."

"Najua. Mwaka mzima nimekuchukia bure, nikidhani unaniibia wateja." Sauti ilimtetemeka Fundi, akaiacha itetemeke. "Wateja hukuchukua. Mmechukua mwaka, ule mwaka ambao moyo wangu ulikuwa bado unatengenezeka."

Akatoa karatasi mfukoni. Operesheni ni Jumatatu, sahihi ni yake mwenyewe, na shahidi ni karani asiyemjua hata jina.

Mama Pacha akamsogelea huku analia, akanyoosha mkono afungue kile kitambaa. Fundi akaushika mkono wake, kwa upole, akauweka kando.

"Kiache," alisema. "Kazi haijaisha."